UZI: 4K, 1080i, 60Hz, 4:2:0, HDCP… tuyafungue maandishi ya kwenye boksi na kwenye menyu ya TV

Fundi wa Usiku (mtoa mada)

Wakuu, habari zenu.

Kila mara humu jukwaani anaibuka mtu na swali la "mbona picha imefubaa nikichomeka laptopu kwenye TV", mwingine "TV yangu ni 4K lakini sioni tofauti", na jibu la kwanza huwa lile lile: badilisha waya. Waya unasingiziwa mengi. Nimeona tufungue uzi mmoja wa kuchambua maneno na namba zilizojaa kwenye boksi, kwenye menyu na nyuma ya TV, ili mtu akipata tatizo ajue aanzie wapi kulitafuta. Nitaandika kwa vipande, maswali ruksa hata katikati.

Kitu cha kushika kabla ya vyote: picha inapita mikono mitatu. Kuna chanzo (king'amuzi, konsoli ya gemu, kompyuta), kuna njia (waya pamoja na matundu ya pande zote mbili), na kuna kioo chenyewe. Utakachokiona ni kile walichokubaliana wote watatu, kwa hiyo aliye dhaifu ndiye anayeamua.

Pikseli na rezolusheni

Pikseli ni kinukta kimoja cha picha. Kwenye vioo vingi kila pikseli imegawanyika vipande vya nyekundu, kijani na bluu. Dondosha tone dogo la maji kwenye kioo cha simu kikiwa kinaonyesha ukurasa mweupe, utaviona vipande hivyo ndani ya tone. Rezolusheni ni hesabu ya pikseli kwa upana na kwa urefu. HD ni 1280×720, yaani pikseli 921,600. Full HD ni 1920×1080, yaani 2,073,600. 4K ya TV ni 3840×2160, yaani 8,294,400, mara nne kamili ya Full HD. Ile 4K ya majumba ya sinema ni 4096×2160, ndiyo maana kwenye TV wengi huandika UHD. 8K ni 7680×4320, pikseli zaidi ya milioni 33, na vitu vya kutazama kwa ukubwa huo bado ni vya kutafuta kwa tochi.

Ila namba hiyo peke yake haisemi picha itakuwa kali kiasi gani. Monita ya inchi 24 ya Full HD ina pikseli kama 92 katika kila inchi. Pikseli hizo hizo ukizitandaza kwenye TV ya inchi 55 zinabaki 40 kwa inchi. Ukikaa mbali hutajali, ukiisogelea uitumie kama monita macho yatalalamika.

Halafu kuna mtego mmoja mkubwa, hasa kwenye projekta. Boksi limeandikwa "4K" kwa herufi za kupofua, ukisoma chini kwa maandishi madogo unakuta rezolusheni ya asili ni 1280×720, nyingine hata 800×480. Maana yake kifaa kinakubali kupokea signali ya 4K, kisha kinaikamua mpaka ienee kwenye pikseli chache kilizonazo. Siku zote ulizia rezolusheni ya asili ya paneli, yaani pikseli ilizonazo kweli. Hiyo ya "inakubali" usiipe uzito.

Herufi i na p

1080p maana yake kila fremu (picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda video) inakuja nzima, mistari yote 1080 kwa mpigo. 1080i maana yake inakuja nusu nusu: kwanza mistari ya witiri, halafu ya shufwa, kwa kupishana. Kila nusu ina mistari 540. Ujanja huu ulibuniwa enzi za TV za mgongo ili picha isipepese bila kuhitaji njia pana ya kurushia, na stesheni nyingi bado zinarusha hivyo. Tatizo ni kwamba TV za sasa zinaonyesha fremu nzima tu, kwa hiyo inabidi TV au king'amuzi kiziunganishe zile nusu mbili. Kwa kuwa nusu ya pili imepigwa muda mfupi baadaye, kitu kinachokimbia kinakuwa kimeshasogea. Unganisho likiwa baya utaona mpira una meno pembeni kama kitana.

Kwenye mpira na riadha, 720p ya fremu 50 inaweza kupendeza kuliko 1080i ya nusu-fremu 50. Wengi wakiona 1080 wanadhani mjadala umeisha.

Fremu na Hz

Fremu kwa sekunde ni mali ya chanzo: filamu nyingi 24, video za TV 25 au 30, gemu 30, 60 au zaidi. Hz ni mali ya kioo: mara ngapi kwa sekunde kinajichora upya. Ni vitu viwili tofauti na vinatakiwa kugawanyika vizuri. Filamu ya fremu 24 kwenye kioo cha 60Hz haigawanyiki, 60 kwa 24 ni mbili na nusu. Kinachofanyika ni kuonyesha fremu moja mara mbili, inayofuata mara tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kamera ikizunguka taratibu kwenye mandhari unaona picha inadunda. Kwenye kioo cha 120Hz kila fremu inakaa mara tano sawasawa, mdundo unakwisha.

Naenda kidogo, nikirudi naweka hesabu ya waya, ambayo ndiyo moyo wa uzi.

---

Kobe Mpole

Mkuu somo limeshiba. Swali: nilisoma mahali kwamba jicho la binadamu haliwezi kuona zaidi ya fremu 30. Sasa hizo 120 na 144 si ni kulana hela tu?

---

Fundi wa Usiku

@Kobe Mpole hiyo ni hekaya inayozunguka tangu zamani. Jicho halina fremu. Mtu akiwa na monita ya 120Hz ajaribu hivi: aiweke kwanza 60Hz, afungue ukurasa mweusi, azungushe kishale cha mausi kwa kasi. Ataona nakala za kishale zimeachana. Airudishe 120Hz, azungushe kwa kasi ile ile, nakala zitakuwa nyingi na zimesogeleana. Jicho limeona, bila kumuuliza mtu.

Pale ambapo una haki ya kulalamika ni kwenye zile namba za boksi mfano "motion 240" au "kiwango cha mwendo 800". Hizo si Hz za paneli, ni hesabu ya wauzaji wakijumlisha vikorombwezo vya kulainisha mwendo. Paneli yenyewe unaweza kukuta ni 60Hz.

---

Mzee wa Antena

Vijana mnataja 25 na 30 kana kwamba zilidondoka mbinguni. Ngoja mzee nichangie.

TV za mwanzo zilifuata umeme wa nchi. Penye umeme wa 50Hz wakachukua nusu-fremu 50, sawa na fremu 25. Penye 60Hz wakachukua 60, sawa na fremu 30. Marekani walipopitisha rangi ya NTSC (mfumo wao wa TV) mwaka 1953 walitaka TV za nyeusi na nyeupe ziendelee kufanya kazi, kwa hiyo rangi ikabidi ipenyezwe ndani ya signali ile ile. Mawimbi ya rangi yakawa yanagongana na ya sauti na kuleta michirizi kwenye picha. Dawa ilikuwa kupunguza mwendo kidogo, gawanya kwa 1.001, ndipo 30 ikawa 29.97 na 60 ikawa 59.94. Mpaka leo ukiingia kwenye mipangilio ya kompyuta unakuta 59.94Hz pembeni ya 60Hz, mabaki ya uamuzi wa zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Ulaya wao wakaja na mfumo wao, PAL, kazi ya Walter Bruch wa Telefunken, na Wafaransa wakaja na SECAM ya Henri de France. Zote mbili zilianza matangazo ya kawaida mwaka 1967. Mistari 625 kwao, NTSC 525. Tofauti kubwa ya PAL ni kwamba rangi inageuzwa awamu kila mstari, kosa la mstari mmoja linafutwa na la mstari unaofuata. NTSC haikuwa na kinga hiyo, rangi ya sura za watu ilikuwa inahama hama, ndiyo maana TV zao zilikuwa na kitufe cha kurekebisha rangi ya ngozi ambacho sisi wa PAL hatukukihitaji.

---

Fundi wa Usiku

Shikamoo mzee, hapo umenipunguzia kazi. Naendelea.

Hesabu ya waya

Kila pikseli ina rangi tatu, na kila rangi inaandikwa kwa biti kadhaa. Biti 8 zinatoa ngazi 256 kwa kila rangi, jumla rangi 16,777,216. Biti 10 zinatoa ngazi 1,024, jumla zaidi ya bilioni moja. Tofauti utaiona kwenye anga la jioni au ukungu: penye biti chache rangi inashuka kwa ngazi unazoweza kuzihesabu, penye biti nyingi inateleza.

Sasa zidisha. 4K, mara 60 kwa sekunde, biti 24 kwa pikseli (8 mara tatu):

3840 × 2160 × 60 × 24 = gigabiti 11.94 kwa sekunde.

Hiyo ni picha tupu. Signali ina pembezoni zisizoonekana, urithi wa TV za mgongo zilizohitaji muda wa kurudisha mwale mwanzo wa mstari, na siku hizi sauti inasafirishwa humo. Ukiziweka, 4K inakuwa 4400×2250, tunafika gigabiti 14.26. Halafu HDMI (tundu na waya wa kupitishia picha na sauti) ya mfumo wa zamani inageuza kila biti 8 kuwa biti 10 ili zisafiri salama, tunafika 17.82.

Angalieni matundu sasa. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 mwisho wake ni 10.2, ndiyo maana inatoa 4K kwa 30Hz tu. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 mwisho wake 18. Ile 17.82 inapita kwa kujibana. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 inafika 48.

Je, ukitaka 4K 60Hz kwa biti 10? Zidisha 17.82 kwa 10, gawa kwa 8, unapata kama 22.3. Kwenye HDMI 2.0 haipiti. Kitu kimoja lazima kipungue: rezolusheni, Hz, biti, au rangi. Mara nyingi kinachopunguzwa ni rangi, na hapo ndipo ile 4:2:0 inapoingia.

4:4:4, 4:2:2, 4:2:0

Jicho linaona tofauti ya mwanga kwa makini sana, rangi linaiona kwa juu juu. Wahandisi wakalitumia hilo: signali inatenganishwa kuwa mwanga upande mmoja na rangi mbili upande mwingine. Kwenye 4:4:4 kila pikseli ina mwanga wake na rangi zake. Kwenye 4:2:2 kila pikseli mbili za ubavuni zinagawana rangi. Kwenye 4:2:0 kila pikseli nne, mbili kwa mbili, zinagawana rangi moja. Hesabu ya pikseli hizo nne: 4:4:4 ina namba 12, 4:2:2 ina 8, 4:2:0 ina 6. Umeokoa nusu nzima na mtazamaji wa filamu hajastuka.

Na hawezi kustuka, maana filamu za mtandaoni, matangazo ya dijitali na hata diski za Blu-ray tayari zimehifadhiwa kwa 4:2:0. Anayekwambia washa 4:4:4 ili filamu ipendeze anakuchosha bure. Inakoharibika ni kwenye kompyuta. Andika maneno madogo mekundu juu ya bluu au nyeusi, halafu tumia 4:2:0: kingo za herufi zinavuja, vijiti vya herufi kama i na l vinabadilika rangi kabisa, wakati maneno meusi juu ya meupe yanabaki safi. Ukiona hivyo usiguse kitu kingine, ni rangi imepunguzwa njiani.

---

Dada wa Projekta

Ahsante sana mkuu. Mimi nina lile tatizo la kufubaa. Nikichomeka laptopu kwenye TV, nyeusi inakuwa kijivu, kama kuna vumbi juu ya picha. King'amuzi kwenye tundu lile lile kiko poa. Waya nimebadilisha mara mbili 😅

---

Fundi wa Usiku

@Dada wa Projekta waya wako hauna hatia, uache upumzike.

Video tangu zamani inahesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe kuwa 235, chini na juu kumeachwa nafasi ya akiba. Kompyuta inahesabu nyeusi 0 na nyeupe 255. Chanzo na TV wasipoelewana kuna matokeo mawili. Laptopu ikituma 16 mpaka 235 huku TV inasubiri 0 mpaka 255, nyeusi yako (16) TV inaiona kijivu. Hilo ndilo lako. Ikiwa kinyume chake, vivuli vyote vinamezwa, nywele nyeusi zinakuwa kofia, na mawingu yanakuwa bapa jeupe.

Nenda kwenye mipangilio ya kadi ya picha ya laptopu, tafuta palipoandikwa Limited (16 mpaka 235) au Full (0 mpaka 255). Kwenye TV kipengele hicho kina majina mengi, HDMI Black Level ni mojawapo. Pande zote mbili ziwe sawa, Full kwa Full au Limited kwa Limited. Kupima: tafuta picha ya vibao vya kijivu vilivyopangwa kutoka 0 mpaka 255. Vibao vya mwanzo vitofautiane kwa shida lakini vitofautiane, na 0 iwe nyeusi ya kweli. Usianze kuhangaika na kontrasti na mwanga kabla ya hapo, utatibu dalili.

---

Dada wa Projekta

Nimeweka Full pande zote. Wewe mtu! Nyeusi imerudi. Ila sasa naona kingo za picha zimekatwa, saa ya pale chini kwenye kompyuta inaonekana nusu. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo, nilishazoea.

---

Mzee wa Antena

Binti, huo nao ni urithi wetu wazee. TV za mgongo hazikuwa na kingo zilizonyooka, kwa hiyo picha ilikuzwa kidogo ili makali yake yafichwe nyuma ya fremu ya plastiki. TV bapa hazina sababu hiyo ila bado nyingi zinakuza. Tafuta kwenye menyu ya ukubwa wa picha chaguo kama 1:1, Just Scan au Screen Fit. Mbali na kurudisha saa yako, herufi zitakuwa kali zaidi, maana picha ikikuzwa hata kidogo kila pikseli inachanganywa na jirani yake.

---

Mchezaji Huru

Wakuu mimi ni wa gemu. Monita yangu imeandikwa 1ms (milisekunde moja) lakini nikibonyeza, mchezaji anachelewa kuruka. Hiyo 1ms ni uongo?

---

Fundi wa Usiku

@Mchezaji Huru si uongo, ni jibu la swali jingine. Ile 1ms ni muda ambao pikseli inachukua kubadilika kutoka kijivu kimoja kwenda kijivu kingine, tena katika hali waliyoichagua wenyewe watengenezaji. Inahusu ukungu nyuma ya kitu kinachokimbia. Kuchelewa unakokusema wewe ni muda tangu signali iingie mpaka picha itoke, na huo mara nyingi hauandikwi kwenye boksi.

Kwenye TV ndiko kunakouma. TV inapokea fremu, inaisafisha, inalainisha mwendo, inapandisha rezolusheni, na kila kazi inahitaji kushikilia fremu. Kwa 60Hz fremu moja ni milisekunde 16.7. Ikishikilia tano tu tayari umechelewa zaidi ya milisekunde 80, na kwenye gemu za kupigana hapo umeshapigwa. Washa hali ya gemu, kazi nyingi kati ya hizo zinazimwa. Kama ni monita, angalia isije ikawa unatumia rezolusheni isiyo ya asili.

Na kama picha inapasuka katikati, juu fremu moja chini nyingine, hiyo ni kadi ya picha kutuma fremu mpya wakati kioo kiko katikati ya kuchora. Dawa ni VRR, ambapo kioo kinasubiri fremu badala ya kwenda kwa saa yake. FreeSync na G-Sync ni majina ya kibiashara ya jambo hilo.

---

Sauti ya Pili

Mimi naona mnakwepa swali la msingi. LED, QLED, OLED. Ipi ni ipi? Muuzaji aliniambia LED ni teknolojia mpya iliyoua LCD.

---

Fundi wa Usiku

Muuzaji alitaka kufunga duka mapema. TV inayoitwa LED ni LCD. Paneli ya LCD haitoi mwanga, inazuia au kuruhusu mwanga unaotoka taa za nyuma. Zamani taa hizo zilikuwa mirija ya floresenti, zikabadilishwa kuwa LED, jina nalo likabadilika. QLED ni LCD ile ile iliyoongezewa tabaka la chembe ndogo mno zinazosafisha rangi za taa ya nyuma. OLED ndiyo tofauti kweli: kila pikseli inajiwakia yenyewe, na nyeusi ni pikseli iliyozimwa.

Ndiyo maana kontrasti inatofautiana. Kontrasti ni nyeupe gawanya kwa nyeusi. Paneli ya IPS (aina moja ya LCD) yenye nyeupe ya niti 300 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) na nyeusi inayovuja niti 0.3 ni 1000:1. VA (aina nyingine ya LCD) ikivuja 0.1 ni 3000:1. OLED ukigawanya kwa sifuri hesabu inagoma. Zile za milioni kadhaa kwa moja kwenye boksi la LCD ni kontrasti "dainamiki", wamepima nyeupe taa zikiwaka na nyeusi taa zikiwa zimefifizwa au kuzimwa. Zipuuze.

OLED nayo ina lake: nembo ya stesheni ikikaa pembeni saa nyingi kila siku, pikseli za pale zinachoka kabla ya wenzake na alama inabaki. Kwa TV inayoonyesha stesheni moja ya habari kutwa nzima, mimi nisingeiweka.

---

Kobe Mpole

Na HDR, ile hali ya mwanga mkali na giza zito zaidi? Nikiwasha ya kwangu picha inakuwa giza kuliko mwanzo. Nimeizima tangu nilipoinunua.

---

Fundi wa Usiku

Umefanya vizuri kuizima, sikutanii. HDR10 inatumia mkunjo wa mwanga unaoitwa PQ, na PQ haisemi "nusu ya mwanga wa kioo chako", inasema niti kamili, mpaka niti 10,000. Filamu nyingi zinaandaliwa kwa kilele cha niti 1,000, nyingine 4,000. TV yako kama ina niti 300, inabidi ibane yote hayo yaingie kwenye 300, na namna rahisi ya kubana ni kushusha kila kitu. Wewe unaona giza. TV inaruhusiwa kuandika HDR kwenye boksi kwa sababu inaisoma signali, siyo kwa sababu inaweza kuionyesha. Ulizia niti za kilele, na kwa LCD uliza kama taa za nyuma zinazimika kwa maeneo. Bila hivyo SDR (picha ya kawaida isiyo HDR) iliyopangwa vizuri inaishinda.

HLG (aina nyingine ya HDR) ambayo BBC ya Uingereza na NHK ya Japani waliitengeneza kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja ina tabia nyingine, TV isiyo na HDR inaweza kuionyesha bila picha kuharibika sana.

---

Mpiga Video

Niongeze la upande wetu wa kamera. Mkirekodi kioo mkaona mistari myeusi inapanda na kushuka, ni shata ya kamera (muda inaoachia mwanga uingie kwa kila picha) haiendani na mwendo wa kioo. Kioo cha 60Hz weka shata 1/60, cha 50Hz weka 1/50. Taa zikipepesa kwenye umeme wa 50Hz, dawa ni hiyo hiyo, 1/50 au 1/100.

---

Mtazamaji Kimya

Nimesoma kimya kimya toka juu, leo naomba msaada. Laptopu yangu ina HDMI 2.0, TV ni 4K nayo imeandikwa HDMI 2.0, waya umeandikwa "HDMI 2.1". Kwenye kompyuta inanipa 4K kwa 30Hz tu, 60 haipo kabisa kwenye orodha. Kishale kinatambaa kama kimelewa.

---

Fundi wa Usiku

@Mtazamaji Kimya swali zuri, linakusanya mengi.

Kwanza waya. Waya wa HDMI hauna toleo. Una madaraja: High Speed unafika 10.2, Premium High Speed 18, Ultra High Speed 48. Anayeuza "waya wa 2.1" bila kutaja daraja anauza stika. Lakini waya mbovu wa dijitali una dalili zake: chenga nyeupe zinazometameta, picha kukatika sekunde mbili na kurudi, au kutotokea kabisa. Haufubazi rangi, na haufuti 60Hz kwenye orodha.

Orodha inatoka kwingine. Ukichomeka HDMI, pini ya 19 inaiambia laptopu kwamba kuna kioo. Laptopu inauliza kupitia pini za 15 na 16, na TV inajibu kwa faili dogo liitwalo EDID, kipande cha baiti 128 na nyongeza zake, lenye jina lake, rezolusheni inazokubali na kasi zake. Laptopu inaamini kilichoandikwa humo. Kama EDID haikutaja 4K 60Hz, hutaiona, hata waya uwe wa dhahabu tupu.

TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa zijitambulishe kama za HDMI 1.4, ili vifaa vya zamani visichanganyikiwe. Ingia mipangilio ya matundu, tafuta kitu kama Enhanced, Deep Colour au UHD Color, ukiwashe kwa tundu unalotumia. Angalia pia kama matundu yote yanalingana, kuna TV ambazo moja au mawili tu ndiyo yana uwezo kamili.

---

Sauti ya Pili

Na asipopata picha kabisa akiwasha filamu ya kulipia, ila menyu inaonekana?

---

Fundi wa Usiku

Hapo ni HDCP, ulinzi wa nakala. Chanzo na TV vinapeana funguo, wasipokubaliana picha inazuiwa. 4K ya kulipia kwa kawaida inataka HDCP 2.2, na kifaa kimoja cha katikati kisichoijua, mfano spika ya zamani au kigawanyi cha HDMI, kinatosha kuangusha wote. Toa cha katikati, chomeka moja kwa moja, uone.

---

Mtazamaji Kimya

Mrejesho wakuu: kulikuwa na Enhanced imezimwa. Nimeiwasha, TV ikawa nyeusi kidogo, ikarudi, 60Hz ikatokea kwenye orodha. Kishale kimelevuka. Ila maneno mekundu kwenye jedwali langu yana ukungu, ile ya juu ya 4:2:0?

---

Fundi wa Usiku

Karibu hakika. Kwenye kadi ya picha chagua RGB (nyekundu, kijani na bluu kamili kwa kila pikseli) au 4:4:4 kwa biti 8. Ukiacha biti 10 itakosa nafasi, ile hesabu ya 22.3, na itapunguza rangi yenyewe bila kukuuliza. Halafu kwenye TV badilisha jina la tundu liwe PC, maana TV nyingi zinapunguza rangi ndani kwa ndani kwenye hali nyingine hata kama zimepokea 4:4:4.

---

Mtazamaji Kimya

RGB, biti 8, tundu limeitwa PC. Herufi zimekaa. 🙏